Nywele za Mwambani

Yule mgeni hakuishika ndoano kwa mkono wake. Alikuwa Mzungu mrefu, kichwa amekinyoa mpaka kinang'aa, uso umebabuka kwa jua la baharini. Alipoitoa ile ndoano kwenye kikopo cha bati aliibana kwa leso, akaiweka mezani mbele ya Sadru, na leso yenyewe akaiacha palepale kama mtu anayetupa ganda la muwa.

"Kama hii," alisema kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Nyingi. Kama hii kabisa."

Akaweka pia kifurushi kidogo cha karatasi. Ndani mlikuwa na nywele nyeusi za singa, ndefu, zimefungwa fundo moja. Halafu akaondoka, chai aliyomiminiwa ikiwa bado inatoa moshi.

Teodora, aliyekuwa amekaa meza ya pili, aliyaona yote hayo. Alipoletewa ile ndoano aifanye kiolezo aliinusa kabla ya kuigusa. Haikunuka samaki wala kutu. Ilikuwa na harufu kali iliyopanda puani na kukaa kooni, harufu asiyoijua. Alipopitisha ulimi kwenye kidole chake, kilikuwa na chumvi.

Karakana ya Sadru ilikuwa ghorofani, Mirongo, juu ya duka lake la vitambaa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu mjini anatafuta cha kuuza nje. Wenye mitaji mikubwa walijenga viwanda vya minofu ya sangara. Sadru mtaji wake ulikuwa mdogo, ila mapenzi yake ya kuvua yalikuwa makubwa, basi akaanzisha karakana ya nzi. Nzi ndivyo wanawake waliokuwa wakizitengeneza walivyoziita: ndoano zilizovishwa manyoya, singa na uzi wa kumetameta mpaka zikafanana na dagaa au uduvi, za kumhadaa samaki. Wateja wake walikuwa Wazungu wanaokwenda kuvua kwenye maji ya chumvi, juu ya miamba ya matumbawe, huko ambako hakuna hata mmoja wa wale wanawake aliyewahi kufika. Teodora alikuwa amekulia Ukerewe katikati ya nyavu, na bado aliona ni kichekesho samaki kuvuliwa kwa unyoya.

Walikuwa watatu pale mezani. Teodora, mjane wa makamo, mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake. Odeta, msichana mchangamfu wa Kihaya ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Na Bernadeta, mama wa Kisukuma aliyekwishakula chumvi nyingi, akiishi peke yake Mabatini. Huyu alifika wa kwanza kila asubuhi, akawasha taa, akainamia jiliwa lake lililobana ndoano, na hakuongea mpaka aongeleshwe.

Kazi ya mgeni ilianza vizuri. Nywele zile zilikubali uzi kuliko singa yoyote ya mbuzi. Ukizifunga kwenye ndoano zilikuwa zikijilaza zenyewe, na ukipuliza zilipepea kama kitu kinachoogelea. Tatizo lilikuwa moja, nalo lilichelewa kuonekana. Nywele hazikuisha.

"Mama Teodora," Odeta alinong'ona siku moja, "kile kifurushi si kilikuwa cha kujaa kiganja tu?"

"Ndiyo."

"Mbona leo droo tulimokiweka haifungiki?"

Teodora alivuta droo. Nywele zilikuwa zimejikunja humo tele, nyororo, zina unyevu kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Mbao za chini ya droo zilikuwa zimeota unga mweupe.

Walimuuliza Mama Ishrat, mke wa Sadru, kama ndiye aliyenunua nyingine. Ishrat akashangaa. "Ninunue wapi? Nilidhani nyie ndio mnaleta."

Kuanzia hapo karakana ikabadilika. Sadru alianza kupanda ngazi kwa kunyata, akiamini kuna mtu anayemfanyia biashara pembeni. Odeta aliamini kwamba nywele zinatoka kwa maiti, na kwamba kuna mtu anayezipata chumba cha maiti. Ishrat akafukiza ubani kila Alhamisi bila kusema kwa nini. Na Teodora, ambaye hakupenda umbea maishani mwake, alijikuta akimtazama Bernadeta.

Nani aliyekuwa akifika wa kwanza? Nani aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa juu? Nani aliyeishi bila mume, bila mtoto, na macho mekundu kama pilipili iliyoiva? Usukumani kote watu wanajua macho mekundu ya bibi kizee yanamaanisha nini, au wanadhani wanajua. Teodora aliona aibu kuliwaza jambo hilo, lakini aliliwaza. Na jioni moja, wakishuka ngazi, alimwambia Odeta, "Mimi sisemi kitu. Ila yule mama, asubuhi anapokuwa peke yake mle ndani, sijui anafanya nini."

"Lisemwalo lipo," Odeta alijibu, macho yamemtoka.

Jumapili iliyofuata Sadru aliwachukua kwenda kuona kazi ya mikono yao. Alitaka kujaribu nzi wa mgeni kabla ya kumpelekea mzigo, akawapeleka kwenye majabali ya ufukweni, upande ule ambako maji huwa na kina tangu pembeni. Bernadeta hakwenda, alisema ana misa. Ishrat alitandika mkeka, akatoa sambusa. Sadru akasimama juu ya jabali na ufito wake mwembamba, akarusha mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, ukichora vitanzi hewani, na Odeta akacheka kwamba bosi anachunga ng'ombe wasioonekana.

Nzi alitua majini bila sauti. Sadru hakupata hata nafasi ya kumvuta. Ufito ulipinda, mshipi ukalia, na kwa muda mrefu alihangaika nao huku akicheka kama mtoto. Kisha samaki alionekana, na Sadru akaacha kucheka.

Hakuwa sangara wala sato. Alikuwa bapa, wa rangi ya fedha, paji limechongoka juu, mkia umepasuka kama panga mbili. Teodora aliyajua majina ya samaki wote wa ziwa kwa Kikerewe na kwa Kiswahili. Huyu hakuwa na jina.

"Kolekole," Sadru alisema polepole. Alizaliwa Tanga, aliondoka huko akiwa kijana. "Huyu ni kolekole. Huyu ni wa bahari."

"Bahari ipi, bosi?" Odeta aliuliza.

Sadru aliramba kidole chake, akatema. Akamkata nzi kutoka kwenye mshipi, akamsukuma samaki majini kwa kiatu, na njia yote ya kurudi mjini hakuna aliyezungumza. Lakini Odeta alipofika kwao alizungumza. Alimweleza dada yake, na dada yake alikuwa na shoga Mabatini, na shoga huyo nyumba yake ilitazamana na ya Bernadeta.

Teodora hakuwa na habari hizo. Yeye aliamua kutega mtego. Jumatatu jioni, wenzake walipoondoka, aliikomba droo mpaka ikabaki tupu, akazifunga zile nywele ndani ya mfuko wa rambo, akampa Ishrat azifungie kabatini. Akaifunga droo kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo akauvaa shingoni. Kama Bernadeta ndiye anayeleta, alijiambia, kesho tutajua.

Kesho yake Bernadeta hakuja kazini. Kesho kutwa pia hakuja.

Siku hiyo ya pili mvua ilinyesha adhuhuri, mvua ile ya Mwanza inayokuja na giza lake. Umeme ulikatika. Odeta alikuwa ameshuka kununua mihogo akazuiwa na mvua, na Teodora alikuwa peke yake mezani alipousikia mlio, akadhani ni mabati. Haukuwa mabati. Ulikuwa unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, kama pumzi ya kitu kikubwa kilicholala, na ulitoka ndani ya droo.

Aliuvua ufunguo shingoni. Alipofungua, harufu ile ya siku ya kwanza ilimpiga usoni, na mwanga wa dirishani ulipoangukia ndani aliona droo imejaa mpaka ukingoni, nywele juu ya nywele, zinameremeta kwa maji. Aliushika mshungi mmoja avute autoe, na mshungi ukaja, ukaendelea kuja, akauzungusha kwenye kiganja mara nyingi huku akingoja ufike mwisho, na haukufika, ukawa unatoka tu kwenye kona ya nyuma ya droo ambako palikuwa na ubao na nyuma ya ubao ukuta na nyuma ya ukuta mtaa wa Mirongo na mvua yake, mpaka nywele zikawa zimerundikana magotini mwake baridi kama kambare, na hapo ndipo alipohisi uzito. Kulikuwa na kitu upande wa pili. Hakikuvuta kwa nguvu. Kiligusa, kikaacha, kikagusa tena, taratibu, kwa ile namna samaki mkubwa anavyoonja chambo kabla hajaamua, na Teodora, binti wa wavuvi, alielewa kwa mwili mzima kabla akili haijaelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa upande wa chambo.

Aliachia. Nywele zilirudi ndani zenyewe, bila haraka, zikimkwaruza vidole, na kutoka ndani kabisa ilikuja sauti ya mwanamke, si ya hasira, ya mtu anayeuliza njia:

"Nani alikata?"

Sadru alimkuta chini ya ngazi, amelowa. Alimsikiliza hadi mwisho, naye hakubisha. Mtu aliyemvua kolekole Ziwa Viktoria hana tena la kubishia.

"Na Bernadeta yuko wapi?" Teodora aliuliza. Palepale, hata kabla hajajibiwa, akajua.

Odeta, aliyekuwa amerudi na mihogo yake, ndiye aliyesema, analia. "Watu wa Mabatini wamempigia mawe kwenye bati siku mbili mfululizo. Wamemwambia asitoke. Mimi sikusema auawe, Mama Teodora, mimi nilisimulia tu."

Teodora alikwenda Mabatini na mvua yake. Aliikuta nyumba imezungukwa na vijana waliojikinga barazani kwa watu, wakingoja mvua ikatike. Alipita katikati yao, akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Teodora."

"Marahaba." Bernadeta alifungua kidogo tu. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. "Umekuja kuniangalia macho?"

Teodora aliangalia chini, kizingitini.

"Macho haya," Bernadeta alisema, "ni ya uzi mweusi wa Sadru na moshi wa samaki niliowakaanga miaka kumi pale sokoni. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Mama, nisamehe. Nilikosea. Twende kwangu."

Bernadeta akachukua mkoba wake na mkasi wake wa kazi, ambao kila siku aliuning'iniza shingoni kwa kamba. Wakatoka wameshikana mikono, na vijana wale, kwa kumwona Teodora mtu wa heshima, hawakurusha kitu.

Mganga aliletwa kutoka upande wa Bujora. Jina lake lilikuwa Ngosha, mtu mnene mwenye fulana ya mitumba, aliyekuwa akifuga kuku na kutibu watu siku za kawaida. Alipanda ngazi, akatazama droo bila kuigusa, akanusa ile leso ya mgeni, kisha akatoka akaketi ngazini kama aliyechoka ghafla.

"Wa ziwa hili nawajua," alisema. "Nawajua na mababu zao. Huyu si wetu. Ni wa chumvi. Kuna mtu alimkata nywele huko kwao ili avulie samaki, naye anazifuata zilipo, na huyo mtu akaona azikabidhi mikono mingine." Alimgeukia Sadru. "Ulipokea?"

"Nilipokea," Sadru alisema.

"Kwa hiyo ni zako. Zirudisheni. Kila mkono uliofunga ufungue wenyewe. Msikate hata unywele mmoja. Na zikishaanza kwenda, asishike mtu. Mnanisikia? Asishike mtu, asikate mtu."

Walizibeba zote mpaka kwenye yale majabali: droo nzima, mfuko wa Ishrat, na maboksi ya nzi waliokuwa tayari kusafirishwa. Jua lilikuwa limeelekea kushuka, ziwa limetulia kama sahani. Wanawake watatu waliketi wakafumua, fundo kwa fundo, Bernadeta katikati. Odeta hakuweza kumtazama. Bernadeta alimsogezea maji ya kunywa.

Na kila walichofumua kilijiunga. Nywele zilitambaa juu ya jiwe, ncha ikatafuta ncha, mpaka ukawa ukamba mmoja mweusi, mnene kama mkono wa mtoto, na kichwa chake kikaingia majini bila kusukumwa. Ngosha alikuwa amesimama kando, ameyapa maji mgongo, ananong'ona kwa Kisukuma. Ukamba ulikwenda. Ulikwenda taratibu mwanzoni, kisha ukashika kasi, ukiunguruma juu ya jabali, na pale maji yalipoumeza pakainuka kitu chini ya uso wa ziwa, hakikutoka, kiliinua maji tu kama mtu anavyoinua shuka kwa kichwa, na wote waliona kwamba kilikuwa kimeelekea kwao.

Ncha ya mwisho ilipita mbele ya Sadru. Pengine hakukusudia. Miaka yote ya maisha yake, mshipi ulipokimbia hivyo, mkono wake ulikuwa umefunzwa jambo moja tu. Vidole vyake vilijifumba.

Hakupata hata kupiga kelele. Alikwenda kifudifudi juu ya jiwe, akaingia majini mpaka kiunoni, mpaka kifuani, nywele zimejizungusha mkononi mwake hadi kwenye kiwiko, na Ishrat akamrukia miguu akipaza sauti ya kumwita Mungu, na Teodora akamshika Ishrat, na Odeta akamshika Teodora, na wote wanne wakawa wanateleza pamoja juu ya jiwe lililolowa kuelekea pale maji yalipokuwa yameinuka, karibu kabisa sasa, karibu hata Teodora akaona chini ya maji yale kichwa, cheupe, kimenyolewa vibaya upande mmoja.

Bernadeta aliingia majini na gauni lake la kanisani. Aliupachika mkasi kati ya mkono wa Sadru na ziwa, akakata.

Kila kitu kiliachia. Maji yakalala. Sadru alitapika juu ya jiwe, na alichotapika kilikuwa chumvi.

Ngosha hakugeuka. "Nani amekata?" aliuliza.

"Mimi," Bernadeta alisema. "Ulitaka nimwache?"

Ngosha alikataa kuku aliyepewa, akakataa hata kurudishwa kwa gari. Aliondoka kwa miguu.

Baada ya hapo palikuwa shwari. Droo ilikauka. Sadru aliuza majiliwa, akabaki na vitambaa vyake, na kila mwezi alimpelekea Bernadeta unga na mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Bernadeta alikataa kuendelea kukaa kwa Teodora. "Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe," alisema. "Na mimi nimeshazeeka. Huyo wa chumvi atanifanya nini?" Teodora akawa anapita kwake kila jioni. Walikaa barazani, wakachambua mchele, wakacheka mambo ya zamani. Jioni moja Bernadeta alimwambia kwamba maji ya mtungi wake siku hizi hayakati kiu. Alilisema kwa kupita tu, kisha akaulizia bei ya sukari.

Usiku ule Teodora hakulala vizuri. Alfajiri alijifunga kanga akaenda.

Alikuta majirani wamejaa. Mlango ulikuwa umevunjwa. Walisema waliukuta umekomewa kwa ndani, na dirisha pia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sakafu nzima ilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo, nayo kuta zilikuwa zimeshaanza kuota unga mweupe. Bernadeta hakuwemo.

"Amekimbia," mwanamume mmoja alisema. "Mchawi hahitaji mlango."

"Tulisema sisi," mwingine aliitikia.

Teodora aliwageukia. Hakuwa na mazoea ya kupaza sauti mbele za watu. "Hakuwa mchawi," alisema. "Alimwokoa mtu, ndiyo maana ameondoka. Yale maneno ya uchawi niliyaanzisha mimi. Nilidanganyika, na ninyi mkadanganyika kwa sababu yangu. Msiseme tena."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, yule shoga wa dada yake Odeta, alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni iliyolowa.

"Uliyaanzisha wewe," alisema polepole. "Na ukamchukua ukakaa naye kwako. Na kila jioni uko naye hapa. Na leo, hata jua halijatoka, hakuna aliyekuita, umekuja." Akamvuta mtoto kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani. "Dada, wewe ulijuaje?"

Teodora alifungua kinywa ajibu, akaona nyuso zao.

Hakuna aliyemgusa. Walimpisha. Alitembea katikati yao mpaka barabarani akisalimia mmoja mmoja kwa jina, kama siku zote, na hakuna aliyeitikia.